Upo na Umo

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kioo. Nikajua wananitania: mwanamke peke yangu katika ofisi nzima ya mipango ya mtandao hapa Songea, basi nipewe kioo nijitazame! Kumbe ndicho kifaa cha kazi. Simu husafiri kwa kupokezana mnara hadi mnara, na minara hiyo lazima ionane, pasiwe na kilima katikati. Mmoja hupanda kilima hiki na kioo, mwenzake kilima kile na darubini. Nilikielekeza juani, redio ya mkononi ikakoroma: "Nimekuona, dada!" Mwenzangu alikuwa mbali kiasi kwamba hata gari lake sikuliona. Mwili ulinisisimka. Mungu wangu, hapa katikati, hewani patupu hivi, watu watakuja kusemezana!

Mhandisi Mkuu wetu, mtu wa Tanga asiye na maneno mengi, alitufundisha kupanga mambo ya miaka kumi mbele. "Anayepiga simu leo," alikuwa akisema, "kesho atataka kutuma picha, keshokutwa atataka kuonana na mwenzake uso kwa uso. Chimbeni msingi wa kubeba antena ambazo hazijatengenezwa." Tulicheka mno. Uso kwa uso, kwa simu ile ya vitufe! Yametimia yote, nami hadi leo nashangaa.

Sasa niseme kosa langu. Kabla ya kuchora mpango tulipita vijijini tukijaza fomu: mtandao upo, au haupo. Katika kijiji kimoja ng'ambo ya Namtumbo nilimkuta mzee anachambua tumbaku.

"Shikamoo, baba. Mtandao upo?"

"Marahaba, mwanangu. Upo."

Nikaandika "upo", nikashukuru, nikaondoka. Kwenye ramani kijiji kikapakwa kijani, yaani kimeshapata, kisiguswe hadi miaka kumi iishe.

Miaka miwili baadaye aliingia ofisini nesi wa zahanati ya kijiji hicho, binti mdogo tu. Hakunipa hata shikamoo.

"Nani aliandika kwetu mtandao upo?"

"Mimi, nesi. Mzee mmoja aliniambia upo."

"Upo juu ya kichuguu, mama, nyuma ya kanisa! Juzi nimemwacha mzazi anavuja damu, nikakimbia kupanda kichuguu niite gari la wagonjwa. Narudi, amezimia. Kapona kwa rehema za Mungu. Na mwingine je?"

Aibu niliyoipata siku ile sijaipata tena. Yule mzee hakudanganya. Niliuliza kama upo, na kweli ulikuwepo, pale kichuguuni. Sikuuliza kama umo: umo ndani ya nyumba, umo chumba cha kujifungulia.

Nikamfuata Mhandisi Mkuu.

"Mpango umeshapigwa muhuri," alisema. "Nikiufungua kwa kijiji hiki, itabidi nivitilie shaka vyote vya kijani."

"Vitilie, mzee. Tumeuliza vibaya kote."

Akavuta fomu, akakata "upo", akaandika juu yake "umo".

"Haya, rudi ukaulize upya. Na barua ya kukiri kosa utaiandika wewe."

Niliiandika. Nikarudi kijiji hadi kijiji, naingia majikoni mwa watu nimeinua simu, akina mama wakiulizana huyu mgeni kapatwa na nini. Ramani yetu ilipungua kijani, ikawa ya kweli.

Mnara wa kijiji kile uliwashwa nimeshastaafu. Nilikuwa nyumbani Mjimwema napukuchua mahindi, nikiwaza jinsi maisha yangu yote nilivyofanyia kazi kitu nisichowahi kukiona kwa macho. Simu ikaita, namba ngeni. Nyuma ya sauti kulikuwa na kitoto kinalia kwa hasira.

"Shikamoo, mama. Ni ile niliyokunyima siku ile."

Nikamtambua.

"Marahaba, nesi. Uko wapi?"

"Chumba cha kujifungulia, na mlango nimefunga. Chukua kalamu, mama, andika."

"Niandike nini?"

"Umo."