Tundu Kwenye Mtumbwi wa Nasilele

"Umevila vijiti vyangu, wewe mwanamke."

"Sikuvila, nilivipikia. Aliyekula ni wewe, tena ukalamba na chungu."

Sitali alisimama ndani ya mtumbwi, pale uani juu ya magogo, tezo mkononi, akitazama chini katikati ya miguu yake. Palikuwa na tundu. Ndani ya tundu palikuwa na jicho la kuku.

Vijiti hivyo alivikata vya mti mgumu, urefu wa kiungo cha dole gumba, apigilie kwenye gogo kwa nje. Ukichonga kwa ndani, tezo ikigonga kijiti, hapo unakoma. Nasilele alivikuta kwenye ungo, vikavu vizuri, akavitia jikoni. Sitali naye, kwa uvivu, akakata vingine vya matete. Tezo ilipita, mkono usijue.

"Mti mgumu ungeniambia simama. Tete halina mdomo."

"Nawe huna masikio. Nani alikuambia ukate matete?"

Nasilele alichungulia nje ya uzio. Mafuriko yalikuwa yameshameza njia ya malishoni, sasa yakinusa miguu ya kilima chao kama mbwa mgeni. Mwaka jana yalipopanda, Sitali alikuwa na homa, amekonda hadi mbu wakitua juu yake wanaombana radhi. Wakakaa kilimani kungoja mtumbwi wa Imasiku, mdogo wake Sitali, aliyekuwa bado anavusha ndama wake. Alipofika, mgonjwa haongei tena. Alikuja kufumbua kinywa huko nchi ya juu, tunakohamia kila mafuriko, akalalamikia chumvi ya mchuzi. Neno la pili likawa: "Nitakuchongea mtumbwi kule kule nyumbani. Hutangoja tena wa mtu."

Basi Nasilele angemkasirikia vipi? Mwaka jana angelitoa meno yake yote, na yalikuwa yamebaki machache, apate kutukanwa na huyu mzee hata mara moja.

Akaingia ndani, akatoka na kifuniko cha bakuli lake la harusi. Kilikuwa kipana, bapa, cha mti mgumu, na mshikio wake ni bata wa kuchongwa.

"Hicho alikuchongea baba yako," Sitali akasema taratibu.

"Naye angeona tundu lako angecheka mpaka alie, kisha angekitoa mwenyewe. Chonga kingo, uzibe."

"Na chakula utafunika na nini?"

"Nzi nao ni wageni, Baba Inonge. Tuhame salama kwanza, wao wale."

Sitali akachonga, akakishindilia tunduni, bata akiwa upande wa ndani, akapaka utomvu wa moto pande zote. Kisha wakamimina maji ndani hadi shingoni mwa bata, wakapiga magoti huku na huku, wakatazama chini ya mtumbwi. Wakangoja. Halikudondoka tone.

Nasilele akabaki magotini, akapiga makofi polepole, kama tunavyomshukuru mkubwa. "Asante, mti. Asante, baba yangu. Asante, Baba Inonge, kwa kuwa hai ukaja kunitobolea mtumbwi."

"Yaani mimi ni wa tatu?"

"Wa nne. Bata nilimshukuru kimoyomoyo."

"Sasa sikiliza, mwanamke, huyo bata wako—"

"Shemeji, maji yanapanda," ikasema sauti ya Imasiku, naye akainama kupita mlango wa matete, kasia begani. "Nikimaliza ndama nitakuja kuwavu..."

Akamwona bata ndani ya mtumbwi mpya, kichwa nje ya maji, ametulia kabisa.