Gari la Maiti Lilivyoondoka Makaburini Peke Yake

Nimeliona kwa macho yangu haya mawili: gari la maiti likiondoka makaburini, jeneza ndani, dereva hayumo.

Dereva ni mimi. Nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika kofia.

Miaka kumi na tisa nabeba maiti, sijawahi kumwogopa hata mmoja. Siku ile niliogopa.

Gari lilikuwa jipya kabisa, siku yake ya tatu. Halikuwa na gia tuliyoizoea. Lilikuwa na kijiti kifupi kama kidole gumba. Ukikisukuma, chenyewe kinarudi katikati. Ukitaka kuegesha kuna kitufe chake, P.

Bosi aliniuliza, "Mzee wa kazi, nikuletee mtu akuelekeze?"

"Mimi? Nifundishwe gari?" Nikacheka mpaka machozi.

Basi, tukafika. Nikasukuma kijiti mbele, kama nilivyokuwa naegesha lile la zamani. Gari likalia ti-ti-ti. Nikajisemea, ni mkanda huo nimeufungua. Nikashuka.

Wabebaji hawajafungua hata mlango, gari likaanza kurudi nyuma. Taratibu. Kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Watu wakatawanyika. Wengine waliacha viatu.

Likashuka mteremko mdogo, likaegemea ukuta wa lango, likatulia.

Nikakimbia, nikafungua mlango. Kwenye kioo cha dashibodi ilikuwa inawaka herufi moja: N. Gia huru. Nikabonyeza P haraka haraka, kama mwizi anayefuta alama.

Nyuma yangu dada wa marehemu akapiga ukelele. "Kaka amekataa kuzikwa! Kuna mtu hapa ana neno!"

Macho yote yakamgeukia mjane.

"Wifi, sema! Ulimfanya nini?"

Jamani, ningesema neno moja tu. *Ni mimi, gia imenishinda.* Lakini nikafikiria kazi, nikafikiria kuchekwa. Nikafunga mlango wa gari.

Mjane akalisogelea gari, akaweka kiganja kwenye kioo cha nyuma.

"Alinipigia simu mara tatu siku ile," akasema. "Tulikuwa tumegombana. Niliiona ikiita. Sikupokea. Kumbe kifua kilikuwa kimembana, yuko peke yake."



Tulizika. Dada mtu alimkataza mjane kurusha hata konzi ya udongo.

Wiki tatu chakula hakikupita. Kila nikifumba macho naona kile kiganja kwenye kioo. Mwishowe nikauliza anakoishi, nikaenda mchana kweupe. Alikuwa anakaa kwa ndugu zake, nao walikuwa wametoka. Yeye alikuwa uani, anaanua nguo.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Marehemu hakukataa kitu. Niliacha gari kwenye gia huru."

Akaendelea kukunja shuka.

"Najua."

"Unajua?"

"Kaka, mimi nafundisha watu kuendesha. Magari ya namna hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisikia lile ti-ti-ti, nikakuona ukibonyeza kile kitufe."

"Sasa kwa nini hukujitetea?"

"Lile jambo la simu lilikuwa linanila ndani. Nilitamani mtu aniulize, nami sikuwa na ujasiri wa kuanza. Wifi aliponiuliza, nikaona ndiyo nafasi."

Nikapumua. Nikadhani nimesamehewa.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Lakini wewe hukuyajua hayo. Ulichojua ni kwamba nasingiziwa, ukanyamaza. Hilo siwezi kukupunguzia."

Akabeba kapu lake, akaingia ndani.

Nilienda kwa yule dada wa marehemu siku hiyo hiyo, nikamweleza yote. Alinifukuza. Na kwa mjane hajaenda kuomba radhi mpaka leo.

Ndugu yangu unayesoma hapa, magari yanabadilika na hakuna anayezaliwa anayajua. Uliza, wakucheke, yaishe. Na ukikosea, sema pale pale, watu wakiwa bado wamesimama. Mimi nilichelewa wiki tatu tu, na neno langu halikumkuta wa kulipokea.