Alinisindikiza Mpaka Langoni

Bukavu ya wakati wa Zaire, mtu hakuwa na haja ya kukuambia kwamba anakupenda. Ilitosha kuangalia amekusindikiza mpaka wapi. Mgeni akiaga, mwenyeji huvaa viatu na kutoka naye. Akikuacha mlangoni, umechosha watu. Akikuacha kwenye lango la lupango, ule ua unaozunguka nyumba, wamekuvumilia. Akifika nawe barabarani, wewe ni mtu wa nyumbani. Na akikupeleka mpaka kwako, nawe ukaona haya arudi peke yake, ukageuka kumrudisha, hapo majirani huanza kuulizana harusi ni lini. Sisi tunasema kusindikisha, na mimi nilipima neno hilo kwa hatua, kama fundi anayepima ukuta.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye abakosti moja, lile koti la siku zile lisilovaliwa na tai, na hasira za watu kumi. Nilikaa kwa tonton, mjomba wangu, karibu na daraja la Ruzizi. Msichana niliyempenda alikaa na mama yake juu, mtaa wa Nyawera, akifundisha wasichana ushonaji. Kila Jumapili baada ya misa nilipanda kwao, nikanywa chai, nikajibu maswali ya mama yake, kisha nikaaga mapema kwa makusudi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kuaga.

Safari yetu ilianza na kanivo, mfereji wa mvua ulioshuka kando ya barabara. Jumamosi watu walikuwa wameuzibua kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kwa hiyo Jumapili maji yalishuka bila kukwama, nasi tukashuka nayo. Alinicheka kwamba natembea kama anayekimbiza mwizi. Chini tulikutana na ziwa, tukalifuata upande wa Nguba, tukapita kuta za nyumba kubwa na akina mama waliouza sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenye mabeseni, mpaka pale ambapo ziwa linabanwa na vilima viwili, linaanza kusogea, na kuwa mto. Hakuna alama yoyote pale. Tulibishana Jumapili nyingi ni wapi hasa ziwa linakoma na Ruzizi inaanza. Yeye alisema ni kwenye jiwe moja jeusi. Mimi nilisema ni mbele zaidi, kwa sababu kufika mbele zaidi kulinipa dakika tano nyingine naye.

Kisha nilimrudisha. Kutoka ziwani kwenda kwao ni mpando mtupu, na katika mpando ule alisimama mara nne, wakati mwingine tano. Aligeukia ziwa, akashika kiuno.

"Ngojako," alisema. "Tuangalieko maji kidogo."

Nilisimama kando yake nikimshukuru Mungu kwa kuumba milima. Nilijua anachelewesha njia kwa makusudi, kama nilivyofanya mimi na lile jiwe. Siku moja nilimtania: "Unapenda hii maji kunipita." Akajibu bila kunitazama: "Apana. Ni weye njo unapandaka mbio." Nilicheka. Sikupunguza mwendo.

Mwaka ule nilikuwa tayari kutuma wazee wakamwombe kwao. Nilitaka kwanza nimwambie mwenyewe, pale kwenye jiwe jeusi, na hata nilipanga kukubali kwamba mto unaanzia hapo. Jumapili niliyoichagua niliaga, naye akainuka, akakaza kitenge, akatoka nami. Kwenye lango akasimama, akashika nguzo.

"Leo naishia hapa," alisema.

"Kuko nini?"

"Hakuna. Enda muzuri, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu tukiwa wawili. Nyuma yake mama yake alikuwa anachambua maharage, na hakuinua uso. Sikuuliza tena, kwa sababu mtu wa Bukavu hahitaji kufafanuliwa maana ya lango. Nilikuwa nimefukuzwa kwa heshima zote. Nilishuka kando ya kanivo nikiwa nimenuna kama mtoto, na nakumbuka nilipiga teke kopo.

Wiki ile ilitangazwa nafasi ya mwalimu huko Kamanyola, ambako wenzangu waliogopa joto. Niliichukua bila kumuaga mtu. Baada ya miezi miwili dereva wa lori aliniletea salamu kutoka kwake: anauliza utapanda lini. Nilimjibu dereva aseme kwamba kwetu sasa ni mbali. Nililipenda jibu hilo. Nililirudia peke yangu siku nzima, mjinga mimi.

Ruzizi inapita Kamanyola pia, ikitoka kwetu kwa kuteremka kwenye makorongo. Jioni nilikwenda kukaa ukingoni. Nilijua maji yale yamepita kwenye jiwe lake, na badala ya kulia niliyakasirikia.

Habari ilinifikia kwa tonton, aliyeshuka kuniona. Walikuwa wamemzika wiki mbili kabla. Hakuna aliyenitumia ujumbe, na kwa nini wanitumie, wakati mimi mwenyewe nilisema ni mbali.

Nilipanda siku iliyofuata. Mama yake alinikaribisha, akanipa chai kwenye kikombe kilekile. Nilimuuliza ilikuwa ni nini.

"Moyo yake ilikuwaka mugonjwa tangu utoto," alisema. "Docteur alimukatazaka kupanda mulima. Mi pia nilimukatazaka. Lakini kila dimanche kisha misa alisemaka: maman, naenda kumusindikisha, nitapumuzika mu njia."

Nilikiweka kikombe chini. Niliuliza kwa nini hakuniambia.

"Wazee wenu wangekubali muke mwenye hawezi kupanda mulima? Mu Bukavu hii? Aliogopa utamuacha. Siku ile ya lango, hata kusimama alikuwa anajikaza tu."

Nilisema mimi ningemuoa. Alitikisa kichwa taratibu, bila ubishi na bila kunisamehe. Niliumia kuliko kama angenitukana.

Nilipoaga, aliinuka akafunga kitambaa chake cha kichwa. Kwenye lango nilisimama na kunyoosha mkono. Akanipita, akashika barabara.

"Maman, inatosha," nilisema.

"Alinituma. Alisema ukikuya, nisikuachilie hapa. Nikufikishe ku jiwe."

Tulishuka na kanivo, tukafuata ziwa. Pale kwenye jiwe jeusi alisimama, akatazama maji yanavyoanza kukimbia.

"Njo hapa mto inaanziaka?" aliuliza.

"Ndiyo, maman. Ziwa linakoma hapa."

Mwanamke wa umri ule sikuweza kumwacha arudi peke yake, nikageuka kumrudisha. Katikati ya mpando nilimsikia anahema nyuma yangu, na hakuniomba nimngoje. Nilisimama. Niligeukia ziwa, nikashika kiuno.

"Tuangalieko maji kidogo," nilimwambia.