Jiwe Mezani kwa Baba Mdogo

Nimelala katika miji mingi tangu niondoke Kisii, na kila ninapofikia chumba kigeni, kabla sijafungua mkoba, huuliza choo kiko wapi. Wenye nyumba hucheka. Hawajui kwamba kwa ajili ya choo niliwahi kungoja kifo.

Nilikuwa darasa la tatu, miaka ya sitini, katika shule ya kuta za udongo upande wa Nyacheki. Mwalimu wetu alikuwa mdogo wake baba. Kwetu huyo ni baba kamili, na mbele ya baba mtoto hataji jambo lolote la chini ya kiuno. Tunaiita chinsoni. Ni haya, ila haya yenye sheria. Naye mwalimu, ili kuwakomesha watoro, alikuwa na sheria yake: anayetaka kutoka asimame na kusema kwa sauti anakwenda kufanya nini.

"Kukojoa, mwalimu!" wenzangu walipaza.

Mimi nilibana.

Nikadhani nimepata ujanja: nisipokunywa, hakitatoka kitu. Nikaacha uji, nikaacha maji. Mkojo ukawa mchache, rangi ya chai isiyo na maziwa, na ukawasha kama pilipili. Haja nayo ikazidi kuja. Nilipumua Ijumaa tu, siku tuliyoleta maji na mavi ya ng'ombe kusiriba sakafu ya darasa. Sakafu yote ililowa, na hakuna aliyeuliza maji haya ni ya nani.

Lakini Jumanne moja, katikati ya hesabu, ilinishinda. Msichana niliyeketi naye akainua miguu juu.

"Wee! Kwani leo ni Ijumaa?"

Darasa likaangua kicheko. Baba mdogo aliendelea kutazama ubao.

Jioni hiyo niliona damu kwenye mkojo. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema mtu akitoa damu huko hana siku nyingi. Nikajificha kwenye migomba, nikangoja kufa. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyenikuta.

"Mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa babu alinitania kuwa mkewe. "Unaficha nini huku? Ni mume wangu?"

Kwa nyanya chinsoni haipo. Nikamwambia yote.

Kesho yake alinipeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, alinipa kopo, nikaenda nalo nyuma, na niliporudi aliliinua kwenye mwanga.

"Unakunywa maji?"

"Sinywi."

"Basi unajiunguza mwenyewe." Akanipa vidonge. Maji mengi, akasema, uji mwingi, na haja ikija usibane hata mara moja.

Nililia njia nzima. Nisipotamka neno lile mbele ya baba mdogo, sitapona.

"Nyanya, mwambie wewe."

"Nimwambieje? Yule nilimzaa. Hata mimi siwezi."

Tulifika nyumbani. Hapo akatoa uvunguni kipande cha bakuli la jiwe la Tabaka, lile jiwe laini linalochongwa kwetu, lililokuwa limevunjika zamani, akakifuta kwa leso yake.

"Nitamwambia hivi tu: mtoto akiliweka jiwe hili mezani pako, usimuulize kitu. Basi."

Jumatatu, siku ya kurudi shule, nilikunywa vikombe viwili vya uji, na haja ikaja wakati wa kusoma. Nikasimama. Jiwe lilikuwa mkononi. Je, kama nyanya alisahau? Je, kama naye haya ilimshika, akanyamaza? Nyuma yangu walianza kunong'ona, "Ijumaa hiyo! Ijumaa inatembea!" Nikafika mezani, nikaliweka jiwe, likagonga mbao kwa sauti iliyonishtua.

Baba mdogo hakuinua macho. Alichukua chaki, akanigeuzia mgongo, akaanza kuandika upya sentensi iliyokuwa tayari ubaoni.

Nikakimbia.

Niliporudi, jiwe lilikuwa limesogezwa hadi ukingo wa meza, upande wangu, mahali ambapo mkono wangu ungelifikia.