Stoo ya Mkwe

Edah Nasimiyu wa Ndalu hakuwa mtu wa kuogopa maneno. Sokoni alimwambia muuza samaki wa omena mbele ya wateja kwamba mali yake inanuka, na kanisani aliwahi kumkatiza mzee wa kanisa aliyekuwa anamsifu marehemu kwa mambo ambayo marehemu hakuyatenda. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba alinyamazia jambo miezi mingi mpaka likamvunja mtu, huuliza kama tunamsema Edah huyu huyu. Ni yeye. Alinyamaza kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la mkwe.

Kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akaingia kwenye mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Vijana wa mjini siku hizi huicheka desturi hii, na wacheke tu, lakini Edah alilelewa Misikhu na nyanya aliyeishika kama amri ya Mungu. Mukhwana, mume wa Emmy binti yake, naye alilelewa vivyo hivyo. Tangu siku ya harusi Edah alimjua mkwewe kwa mgongo wake na kwa kikohozi chake kule sebuleni, basi.

Mukhwana alikuwa karani katika ofisi moja ya Kitale, mpole, mwenye mikono laini ya kushika karatasi. Mwaka wa 2004 wezi waliingia kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba ya Edah wakabeba majembe yote na pampu ya kunyunyizia dawa. Edah alikuwa mjane, na mboga za shamba hilo ndizo zilizomsomesha Emmy. Mukhwana aliposikia aliumia kweli kweli. Akasema atamjengea mama stoo ya kufungia vyombo na mbegu. Emmy alimshauri atafute fundi, naye akakataa, akasema kazi ya mama mkwe mtu hamwachii mwingine. Akaomba likizo akashuka Ndalu na nyundo mpya. Edah, kama ilivyopasa, alimpisha, akaenda kukaa kwa dada yake Misikhu, maana angekaaje pale mkwe akiwa juu ya paa mchana kutwa?

Aliporudi, stoo ilikuwa imesimama. Kusimama tu ndiyo sifa niwezayo kuipa. Nguzo zilikuwa za mkaratusi mbichi, hazikupakwa chini hata tone la oili chafu ya kuzuia mchwa, na zilichomekwa kwenye udongo kijuujuu kama fimbo ya kufungia mbuzi. Mbao zilikuwa zile za pembeni mwa gogo, zenye magome upande mmoja, na kati yake ungeweza kupitisha ngumi. Misumari iliyokataa kuingia ilipigwa ubavuni ikalala. Mabati yalikuwa ya zamani, yenye matundu ya msumari wa zamani. Edah aliusukuma mlango kidogo tu, ukamjia mikononi wote na bawaba zake.

Aliucheka kwanza, peke yake, mpaka akakaa chini. Halafu akakumbuka mikono ile laini na nyundo ile mpya, kicheko kikamwisha. Emmy alipouliza mama ameionaje, Edah alijibu kama mtu mwenye adabu zake.

"Mwambie asante sana," alisema. "Imekaa sawa. Hata ya padri haifiki hapo."

Emmy akaupeleka ujumbe Kitale kama ulivyo, na Mukhwana, tunavyoambiwa, alitembea wiki nzima kifua mbele.

Mvua za masika zilipoanza, mbegu za maharagwe alizokuwa amezihifadhi mle zililowa zikaota ndani ya gunia. Edah hakusema kitu. Mchwa wakapanda nguzo ya nyuma. Hakusema kitu. Stoo ikaanza kuinamia upande wa migomba, kila juma zaidi kidogo, mpaka jirani yake Barasa, aliyekuwa fundi wa kujenga, akaja kuitazama akitikisa kichwa. Alimwomba amruhusu aibomoe aijenge upya, bila malipo hata.

"Mama Emmy, hii kitu itaua mtu, bana," alimwambia.

Edah akamjibu kwamba ukibomoa kazi ya mkwe umembomoa mkwe mwenyewe, na ukimbomoa mkwe utamlilia binti. Basi Barasa akamletea magogo, wakaiegemeza stoo upande ule iliolalia, na mlango wakaupigilia upya. Funika kombe mwanaharamu apite. Na hapo ndipo Edah alipotenda lile ambalo mpaka leo hawezi kulisimulia bila kushika kifua. Kila Emmy alipotuma habari kwamba wanakuja kusalimu, Edah aliamka mapema, akayang'oa yale magogo moja moja, akayaficha nyuma ya zizi la ng'ombe ili Mukhwana asione kwamba kazi yake inashikiliwa kama mgonjwa. Wakiondoka, anayarudisha. Mara ya kwanza stoo ilistahimili. Mara ya pili pia. Basi akaizoea hatari ile.

Agosti walikuja tena, Emmy, mumewe na mtoto wao. Edah alipika akabaki jikoni, jiko lake la nje lenye kidirisha kinachotazama shamba. Baada ya chakula Emmy alimbeba mtoto akaenda kuwasalimu akina Barasa. Upepo ulikuwa umeanza, ule unaotangulia mvua kutoka upande wa Mlima Elgon, na migomba ilikuwa inapigapiga majani. Edah akachungulia kidirishani, akamwona mgongo aujuao ukielekea shambani. Mukhwana alikuwa amebeba kopo la rangi ya kijani na brashi. Alikuwa amesikia mama anavyoipenda stoo yake, akaona aipendezeshe. Akafungua mlango kwa uangalifu, akaingia aanzie ndani.

Paa liliinuka upande mmoja likarudi. Edah aliliona. Magogo yalikuwa nyuma ya zizi, na katika boma lile hakukuwa na mtu wa tatu wa kutumwa. Jina la mkwewe hakuwahi kulitamka mbele yake. Akasimama na mwiko mkononi, akimwomba Mungu amlete Emmy, amlete Barasa, amlete yeyote. Ulikuwa muda mfupi sana, lakini aliutumia wote kufikiria heshima. Kisha akautupa mwiko akatoka mbio.

"Mukhwana! Toka huko ndani!"

Mukhwana aliisikia. Kupitia zile nafasi za mbao aliliona gauni la mama mkwe likimjia, na upepo umekipeperusha kitambaa cha kichwani. Mtu mwingine yeyote angetoka. Yeye alifanya kile alichofunzwa tangu utotoni kwamba mwanamume mwenye adabu hufanya mama mkwe wake akitokea ghafla: alirudi nyuma, akauvuta mlango akaufunga, akageuza uso ukutani ampishe.

"Si hivyo! Toka!" alilia Edah, naye alizidi kujibanza.

Stoo ikaanguka taratibu, kwa upande wa migomba, kama mtu anayelala. Boriti ya paa ilimpata mguuni na mkononi. Barasa alipofika akifuata kelele za Edah, alimkuta ameshayatupa mabati kando, viganja vinamtoka damu, na kichwa cha mkwewe amekilaza mapajani. Rangi ya kijani ilikuwa imewapaka wote wawili. Ndivyo alivyouona uso wa Mukhwana kwa mara ya kwanza, akashangaa jinsi ulivyokuwa wa kitoto.

Wakapata pikapu ya kumkimbiza Kitale. Mkono ulifungwa plasta, lakini mguu haukuokolewa, ukakatwa chini ya goti. Wanawake wa ukoo walikaa wakasema kwamba lililotokea mapajani mwa Edah lina njia zake za kutakaswa, na kwamba mpaka hapo akae mbali na mgonjwa. Edah aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliwaambia ameitii desturi vizuri kabisa, ikala mguu wa mtu, na sasa itamngoja kidogo. Akaenda kulala kwa rafiki yake wa kanisa huko Kiminini, karibu zaidi na hospitali kuliko Ndalu. Alfajiri akakoroga uji wa wimbi, mawazo yakiwa mbali, akautia kwenye chupa ya chai, akaenda.

Emmy alikuwa ameshuka mjini kutafuta dawa. Mukhwana alipouona mlango wa wodi umemleta nani, alijifunika shuka mpaka utosini kwa mkono uliokuwa mzima. Edah akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Machozi yalikuwa tayari yanamshuka, naye hakuyapangusa.

"Mukhwana, jifunue," alisema. "Nimeshika kichwa chako kwa haya mapaja yangu. Ni haya gani imebaki?"

Shuka halikutikisika.

"Hiyo stoo ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya siku ya kwanza, na mimi nikatuma asante. Nilikuwa naishikilia na magogo, na wewe ukikuja naondoa. Huo mguu umekatwa na asante yangu."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu waligeuka upande mwingine, watu wazima wenye akili zao. Sauti ikatoka chini ya shuka, polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomkata Edah maini.

"Mama, si ungesema tu. Ningekuja Jumamosi nibomoe."

Edah alifungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, akalishusha shuka mwenyewe mpaka kidevuni. Mukhwana alifumba macho. Mkono mmoja ulikuwa kwenye plasta na mwingine umechomwa sindano ya maji, kwa hiyo Edah alichota kijiko, akakipuliza, akamtia mdomoni. Akameza.

"Uji uko aje?" aliuliza.

"Ni mzuri, mama."

Edah alikirudisha kijiko kikombeni akangoja. Mukhwana alifumbua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Uji umeungua, mama," alisema.

"Umeungua sana?"

"Sana."

Edah alilia hapo mbele ya wodi nzima, akitikisa kichwa kukubali. Kisha akafunga chupa, akaomba aelekezwe mahali pa kununua unga na kuni za kupikia uji mwingine.