Alama Nyeusi Mkononi mwa Baba Mdogo

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi kwa Bibi kijijini upande wa Chamwino, asubuhi ile ng'ombe wetu mmoja alipokutwa zizini amekufa, miguu imekakamaa, damu nyeusi ikimtoka puani. Jana yake alikuwa amekwenda malishoni na kurudi kama wenzake. Bibi alichukua kijiti akaigusa ile damu, akaitazama kwa muda. Haikuwa imeganda.

"Huyu wazee wamemchukua," alisema. Alimaanisha waliokufa zamani. "Asichunwe. Atakayemchuna watamtia alama nyeusi kama mkaa."

Baba Mdogo Yohana, mdogo wake baba yangu, alikuwa mwinjilisti. Tayari alikuwa ananoa kisu.

"Mama, hao wazee wamekufa. Nyama watailia wapi?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Mwezi mzima tunakula mlenda. Leo Mungu katupa kitoweo, wewe unataka tukifukie?"

Aliomba sala fupi juu ya mzoga, akaitikia amina mwenyewe, akakunja mikono ya shati. Bibi aliingia ndani, hakutaka kuona. Hapo ndipo Baba Mdogo aliponiita. "Nyemo, shika mguu huu." Nikashika. Kwenye kifundo cha mkono nilikuwa na mkwaruzo mbichi wa mwiba, na damu ya ng'ombe ilinirukia palepale. Nikajifuta kwa gauni, sikumwambia mtu. Nyama ilichemshwa sana, tukala na ugali wa uwele, wote isipokuwa Bibi. Kwa nini matumbo yetu yalisalimika, mpaka leo sijui.

Siku ya nne Baba Mdogo alianza kujikuna mkono. Kikatoka kipele, kikawa lengelenge, halafu katikati pakawa peusi tii, na mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Kilichonitisha ni kwamba hakikuuma. "Hata hakiumi," alisema huku akikibonyeza, kana kwamba hiyo ilikuwa habari njema. Bibi alikipaka majivu na mafuta.

Mimi nilikuwa nachungulia mkono wangu kila nilipokuwa peke yangu. Asubuhi moja nikaona kipele kidogo kando ya ule mkwaruzo. Nikavaa sweta, kwenye jua lile, nikaivuta mpaka vidoleni.

Mtu angedhani kwamba Bibi alipoonekana kusema kweli, mambo yangekuwa wazi. Hayakuwa. Baba Mdogo aliposema anakwenda zahanati, Bibi alikataa kabisa. Aliyetiwa alama hachomwi sindano, alisema. Sindano inaisukuma alama hadi moyoni. Kwa akili yangu ya miaka tisa, yeye ndiye aliyepatia kuhusu ng'ombe, basi na hili amepatia. Lakini mkono wa Baba Mdogo ulikuwa unazidi kuvimba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa homa. Sikuwa na namna ya kujua nani angekuwa sahihi siku ipi.

Tulitoka asubuhi. Baba Mdogo alikuwa amefunga mkono kwa kanga, mimi nimebeba dumu la maji, na Bibi anatufuata nyuma. Alikuja kutuzuia, akaishia kutusindikiza.

"Rudi, Yohana."

"Mama, mkono umekuwa kama mguu."

"Mkono si moyo. Rudi."

Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke mnene asiye na haraka. Alipokiona kidonda, haraka ikampata. Alivaa glovu kwanza.

"Mlichuna mnyama aliyekufa mwenyewe?"

Baba Mdogo akatazama sakafu.

"Mwinjilisti, nakuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Hiki ni kimeta. Ungekaa nacho kingeingia kwenye damu, tungekuwa tunakuzika. Nani mwingine alimshika huyo ng'ombe?"

"Mimi tu," alisema. Alikuwa amenisahau.

Nilijua nikisema nitachomwa, na nikichomwa nitakufa. Nikinyamaza labda nitakufa vilevile, ila nyumbani. Sikuchagua. Mkono uliinuka tu.

"Na mimi. Nilishika mguu."

"Nyemo!" Bibi alinikamata gauni kwa nyuma.

Nesi alipandisha sweta akakitazama kipele changu. "Hiki sijui. Kinaweza kuwa cha mbu tu. Njoo hapa."

"Mtoto hachomwi," alisema Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Haya, niachie mtoto."

Nilichomwa penisilini. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikaanza kungoja kufa. Baba Mdogo alikuja kukaa kando yangu, akisugua nyonga.

"Unalia nini?"

Nikamweleza kuhusu alama na moyo. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliweka kiganja kifuani pake, akasikiliza. "Bado unadunda," alisema. Lakini hakukiondoa kiganja, na nikaona kwamba mwinjilisti naye alikuwa anaogopa.

Tulirudi siku nyingi kwa sindano. Gamba jeusi lilimbanduka, likaacha kovu. Kipele changu kiliondoka ndani ya siku mbili, na hakuna aliyewahi kujua kilikuwa nini. Bibi alisema wazee wametuachilia, vinginevyo sindano ingetuua. Baba Mdogo alisema ni Mungu. Nesi alisema ni dawa, tena akatuonya tusirudie.

Sasa naishi Mkonze, nina watoto wanne. Mkubwa anasoma mambo ya maabara chuoni. Mwaka jana, nikichambua mchele, alinieleza kwamba mdudu wa kimeta ni bakteria wa gram chanya: ukimtia rangi anaishika, anabaki zambarau, na kwenye hadubini anaonekana kama vijiti vilivyoungana. Wa pepopunda na wa dondakoo wamo kwenye kundi hilohilo, na wengi wa majipu. Huyu wa kimeta hulala ardhini miaka na miaka bila kufa.

Nilimuuliza: basi Bibi, ambaye hakujua kusoma, alijuaje kwamba damu isiyoganda haiguswi? Na kichwa hichohicho kilikoseaje kuhusu sindano?

"Mama, hilo halitoki kwenye mtihani," alijibu.

Majirani huniona mtu wa sayansi, kwa sababu mtoto akipata kidonda kidogo tu nampeleka hospitali. Sivyo. Siku ile kwenye benchi sikumwamini nesi, wala sikuacha kumwamini Bibi, na hayo mawili sijawahi kuyatenganisha vizuri. Nikiona kipele kwenye ngozi ya mwanangu, bado sijui ni mbu au ni kitu kingine. Ndiyo maana nachukua mkoba na kutoka. Mtu anayejua anaweza kukaa nyumbani akangoja, mimi siwezi.