Bustani Isiyomhitaji Mtu

Kwa mara ya tatu mwaka huo Kokoto aling'oa mshubiri uliooza, akaunusa, akashika kiuno. Jina hilo alibandikwa na watu kwa sababu yeye ni fundi bustani anayepanda mawe: huondoa nyasi zinazolilia maji, humwaga kokoto, huchomeka mishubiri michache mbali na ukuta, kisha humwambia mwenye nyumba akapumzike. Mvua ikikataa miezi sita, bustani haina habari. Moto ukishuka kutoka mlimani, haupati cha kutafuna.

Ila kwa dada yake, ambaye Kokoto alimfanyia kazi hiyo bure, mishubiri ilikuwa inakufa kwa maji.

"Dada, kibao nimeandika nini?"

"Usimwagilie maji."

"Na huu unyevu?"

"Hayo si maji. Nilioshea mchele."

Kokoto akautupa mshubiri kando. Mishubiri angeivumilia. Kilichomnyima raha ni msonobari alioupanda marehemu shemeji yake, ambao sasa ulikuwa umelalia paa na kujaza mfereji wa bati majani makavu. Kiangazi kilichopita moto uliishia nyumba ya nne kutoka hapo. Miaka miwili anaomba aukate, miaka miwili dada anamjibu kwamba mti haujamkosea mtu. Na pepo za kiangazi zilikuwa zimebakiza wiki mbili zianze kuvuma.

"Wewe ni mkaidi," alisema, uvumilivu ukiwa umemwishia. "Nimekutengenezea bustani isiyokuhitaji hata kidogo, na bado unaihangaisha."

Dada akaweka beseni chini. "Ndiyo shida yenyewe, mdogo wangu. Watoto hawanihitaji. Shemeji yako nilimuuguza miaka mitatu, naye kaondoka. Sasa na bustani isiyonihitaji. Nikiamka asubuhi, naamkia nini?"

Kokoto alijiona mjinga, na kwa vile hapendi kujiona hivyo, akajibu kwa ukali uleule. "Fagia. Jani kavu likilala kwenye kokoto ni kama kiberiti. Lisibaki hata moja."

Alisema tu apate pa kutokea. Dada akalipokea neno lile kama cheo. Kesho yake kulipopambazuka alipiga simu kuuliza ni ufagio gani usiorusha mawe. Siku ya tatu simu yake ilimkuta Kokoto juu ya ngazi kwa mteja, kumweleza kwamba uwanja wa jirani ni mchafu na ameshamwambia mwenyewe. Kokoto akatamani kuitupa simu kwenye pipa.

Siku ya sita alipiga akihema. "Njoo na msumeno."

"Kuna nini?"

"Mti wa shemeji yako. Nafagia, unamwaga. Nageuka, unamwaga. Ni yeye yuleyule na majivu ya sigara zake."

Kokoto alifika mbio kabla dada hajabadili mawazo. Msonobari ukashuka tawi kwa tawi, dada akifagia kabla vumbi halijatua na kumfokea kwamba anamchafulia kokoto. Kokoto alipoinama kukata shina usawa wa ardhi, dada akamshika mkono.

"Kisiki kiache," alisema. "Nikichoka kufagia, nitakaa naye."